Kitenge cha Jubilei

Kitenge chenyewe kilikuwa kizuri, tusidanganyane: bluu iliyokolea, kitambaa kizito. Mama Damari alikikunjua mapajani, nyumbani kwake Nduguti, tabasamu likamkauka. Kilikuwa kimechapwa picha mbili za msichana mmoja, za zamani sana. Moja amevaa gauni jeupe, imeandikwa "Baada ya Injili". Nyingine, "Kabla ya Injili", yuko kifua wazi. Alimjua kwa lile kovu la mkononi, linaloonekana kwenye picha zote mbili. Ni Elizabeti, bibi yake mzaa mama, aliyemlea tangu utotoni. Akakikunja haraka, maana uchi wa bibi hautazamwi na mjukuu. Ni laana.

Akakikwapua, moja kwa moja hadi ofisini kwa mwanawe, Mchungaji Peniel.

"Shikamoo mama."

Hakuitikia. "Hizi picha mmezitoa wapi?"

"Wametutumia wenzetu wa Ulaya. Walipiga wamisionari wa kwanza. Ni historia yetu."

"Historia! Huyu ni bibi yangu. Hilo kovu aliungua mafuta jikoni kwa mmisionari, akiwa ameshabatizwa. Kabla gani hiyo? Mzungu alimvua gauni, akampiga picha, akamwambia avae tena. Alinisimulia mara moja tu, huku analia. Mpaka tunamzika, hakukubali kamera tena."

Peniel akashusha pumzi. Sasa sikia majibu ya msomi: "Pole, mama. Lakini vitenge vimeshagawiwa, kina mama wameshashona, na askofu anakuja Jumapili kwenye jubilei ya kanisa. Isitoshe, zamani si walivaa hivyo hivyo? Si aibu."

Hasira zikampanda Damari. Akaanza kufungua vifungo vya blauzi yake. Cha kwanza. Cha pili.

"Mama! Unafanya nini?"

"Si umesema si aibu? Chukua simu yako, nipige picha."

Cha tatu. Peniel akajifunika uso kwa mikono miwili, akageukia ukutani, mzee mzima wa miaka hamsini na kitu, analia. "Funga, mama, nakusihi! Utanilaani!"

Mara hodi mlangoni. Ni kina mama wa kwaya, wamependeza ndani ya kitenge kile kile, wametoka kwa fundi sasa hivi.

"Mchungaji, tutazame basi!"

Peniel hakuweza kugeuka. Damari akafunga vifungo vyake taratibu, kimoja kimoja.

"Geuka, mwanangu," akasema. "Mimi nimeshavaa. Yeye bado."