Sitamrudisha Falone

Kwetu, bibi harusi huletwa na dada wa mume, na akikataliwa, dada yuleyule ndiye anayemrudisha kwa wazazi wake. Asipokubali, hakuna wa kumpokea kule, na ndoa haijavunjika. Ndiyo maana Jumapili ile, baada ya misa, familia ilipokutana kwa baba mkubwa Ézéchiel, mtaani kwetu Bunia, walinihitaji mimi. Falone alikaa kwenye kiti cha pembeni, amefungasha nguo zake. Kosa lake ni kukosa mtoto.

Mume wake ni kaka yangu Fiston, mnunuzi wa dhahabu. Kila asubuhi anachoma zebaki kwenye mbabula, jiko la makaa, nyuma ya nyumba ili dhahabu ibaki peke yake. Moshi anaupokea usoni huku akibishana kwenye simu.

Mimi ni mtafiti. Nilianzia Kisangani, nikikata korodani za mbuzi vipande vyembamba na kutafuta kwenye darubini seli zinazotengeneza homoni ya kiume. Nikarudi Bunia na swali moja: moshi wa zebaki unazifanya nini seli hizo? Machinjioni wananiita Madame Korodani. Nyama hiyo ni haki ya wachinjaji, nami nawanyima kitoweo, basi wacha wacheke. Katika mbuzi waliofugwa kwenye kambi za dhahabu niliona seli zilizosinyaa na homoni iliyopungua. Nikachapisha. Wanaume wa mtaa wakasema hizo ni habari za mbuzi.

Baba mkubwa aliongea kwa upole. Falone alikuwa amepelekwa kwa madaktari, kwa waombezi, hata kwa mama mmoja wa dawa za miti. Wamechoka sasa. Akaniambia gari la Mahagi, kwa wazazi wa Falone, linaondoka kesho, nijiandae.

Nikauliza Fiston alipimwa wapi.

Shangazi Bénédicte akacheka. "Fiston, dada yako anafikiri na weye uko mbuzi."

Wote wakacheka, isipokuwa Falone. Yeye aliinua kichwa na kunitazama.

"Sisemi tatizo ni la Fiston," nikasema. "Sijui, sijampima. Lakini madaktari wote wamemkuta Falone mzima, na bado mnamfukuza. Kaka atoe damu na mbegu. Nitampeleka kwa mwenzangu, ili majibu yabaki yake. Kabla ya hapo sipandi gari."

Fiston alisimama. Alisema nimemvua nguo mbele ya wake za ndugu zake, na kwamba kushikashika korodani kumenimaliza haya. Baba mkubwa akakata shauri: nipige magoti, nilete mbuzi wa kuomba msamaha, halafu nimsindikize mwanamke.

"Mbuzi dume," shangazi akaongeza, "na asikose kitu."

Niliondoka bila kupiga magoti. Tangu siku hiyo siitwi kwenye sherehe za ukoo, na wajumbe wanakuja kila wiki kuniuliza kama moyo umelainika. Falone yuko nyumbani kwake, anapika, analala kitandani kwake, kwa sababu hakuna mwingine mwenye haki ya kumtoa. Fiston hajapimwa.

Jana alikuja mwenyewe, akasimama mlangoni pa maabara, hakutaka kuingia.

"Omba tu msamaha, Solange. Neno moja, yaishe."

"Siombi," nikamwambia. "Ingia upimwe au nenda. Msamaha siombi."