Mguu wa Nne wa Kitanda

Mwanamume akistaafu, nyumba hupata mkaguzi. Bi Kimya aliambiwa hivyo na wanawake waliomtangulia, akacheka, akadhani ni maneno ya watu wasiojua kuwatuliza waume zao. Mwezi wa tatu baada ya mumewe kurudi nyumbani moja kwa moja, alifungua droo ya jikoni kutafuta mwiko, akakuta vijiko vimepangwa kwa urefu, kuanzia cha chumvi mpaka upawa, na kati ya kimoja na mwenzake nafasi ya kidole kimoja.

"Baba watoto," aliita, "hivi vijiko vinasubiri gwaride?"

"Nimevipanga," sauti ikajibu kutoka chini ya meza, mumewe alikokuwa anapima kama miguu ya meza inalingana. "Ulikuwa unavitupa tu kama kuni."

Majirani walimwita Fundi Rula. Rula yake ya chuma haikutoka mfukoni mwa shati, hata harusini. Mkewe waliyemwita Bi Kimya hakuwa mtu wa kunyamaza, asilani. Ila siku akinyamaza, ujue kuna kitu kinapikwa na si chakula.

Fundi Rula hakuzaliwa na vijiko. Ujana wake alikuwa mkereza mbao. Mti unazungushwa na mashine, fundi ameshika patasi, na kipande kilichoingia na pembe nne kinatoka mviringo, kina shingo, kina kiuno, kina tumbo kama mtu aliyetoka kula. Kisha viti vya plastiki vikaja, karakana ikafungwa, naye akapata kazi ya kutunza stoo ya kiwanda cha sabuni. Alikaa huko miaka ishirini na miwili, akihesabu maboksi. Mashine yake ya kukereza aliifungua vipande vipande, akavipaka grisi, akavifunga kwa magunia na kuvitia kwenye kasha la mbao.

Na kasha lilikuwa wapi? Chini ya kitanda. Si pembeni wala uvunguni. Chini ya kona ya kitanda chenyewe, limeishikilia. Kitanda hicho alikikereza mwenyewe kabla ya ndoa: miguu minne ya mti mwekundu mgumu, kila mmoja una vichwa na pete zake na umechomoza juu ya ubao kiasi cha kushikwa na mkono. Siku walipohamia nyumba hii wapagazi walikibwaga kitanda, mguu mmoja ukakatika. "Nitakereza mwingine kesho," Fundi Rula alisema, akasukuma kasha mahali pa mguu. Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Mke na mume walikuwa wanalala juu ya dawa ya kitanda chao.

Bi Kimya alimjua mumewe. Ukimwambia nenda kulia, atakuuliza kulia kumefanya nini mpaka kusifiwe. Kwa hiyo jioni ile ya vijiko alinyamaza. Asubuhi, akimimina chai, akasema kana kwamba anasema na birika:

"Ile stoo ya nyuma mtu asiiguse. Ni yangu. Nisije nikasikia mtu anataka kuweka mashine humo."

"Mashine gani?"

"Sijui. Nasema tu."

Kabla ya saa nne Fundi Rula alikuwa stooni na rula yake, anapima ukuta.

Wiki mbili zilizofuata Bi Kimya alilalamika kila siku, na kila siku alilala na furaha. Vilitolewa vitu ambavyo hata yeye alikuwa amevisahau: masanduku mawili yasiyo na mpini, cherehani isiyo na gurudumu, beseni lililotoboka, na mlango mzima usiojulikana ulikuwa wa nyumba ya nani. Mlango ukalazwa juu ya magogo, ukawa meza ya kazi. Dirisha likapanuliwa ili mwanga wa asubuhi uingie kutoka kushoto. Mota ikatolewa kwenye mashine ya kusaga iliyokufa, ikafungwa mkanda. Mashine yenyewe ikakazwa sakafuni kwa boliti nne, maana mashine ya kukereza ikitikisika, kazi nayo inatikisika. Patasi zikafunguliwa kwenye vitambaa vyake vya mafuta, zikanolewa kwenye kinoo mpaka zikawa zinanyoa vinyweleo vya mkono. Mkono wa kushoto wa Fundi Rula ukabaki na kipara.

Kasha lilipotoka, kitanda kiliinama. Wakaweka kopo la rangi lililojaa mchanga, likapungua urefu kwa vidole vinne. Kila asubuhi Bi Kimya aliamka amebanwa ukutani na mumewe juu yake kama gunia lililoteleza kwenye lori.

"Kazi ya kwanza ni mguu wa nne," Fundi Rula aliapa.

Basi akaanza. Kipande cha kwanza kiliiuma patasi, kikaruka, kikalipiga lile beseni, likapata tundu la pili. Cha pili kilikatika shingo. Cha tatu kilikuwa mviringo kweli, ila kilifanana na karoti iliyougua. Siku ya nne mashine haikusikika. Bi Kimya alikaza masikio akisonga na kuosha na kupepeta, wapi. Saa sita mchana mumewe aliingia jikoni taratibu, akavuta kigoda, akachukua kitunguu, akakipima.

"Hivi vitunguu havilingani," akasema.

"Vimeshindwa kulingana tangu dunia iumbwe. Umemaliza kazi?"

Alikigeuza kitunguu mkononi. "Mikono imekwisha, mama watoto. Hii ni mikono ya stoo. Inajua kuandika 'yameingia maboksi arobaini', basi. Kesho nitairudisha mashine kwenye kasha."

Hakusema kwa kulalamika; alisema kama mtu anayetaja siku ya wiki. Hilo ndilo lililomchoma Bi Kimya. Jiko lake alikuwa tayari kulipigania kwa mwiko, lakini hili lilikuwa jambo jingine. Aliona mtu aliyekunja kitu chake cha mwisho na kutafuta mahali pa kukiweka. Mashine ikirudi chini ya kitanda safari hii, haitoki tena mpaka watoke wao.

Akanyamaza. Akamaliza kuosha sufuria nzima akiwa kimya, na mumewe angekuwa na akili angetoka mbio.

Alasiri akapita wifi yake, dada mdogo wa Fundi Rula, anayekaa nyumba ya pili. Huyu akiingia kwa mtu hapigi hodi, hupiga mdomo.

"Kaka! Nasikia mashine imekukataa."

"Nani kakwambia?"

"Ukimya. Juzi ilikuwa inalia ngruuu, leo kimya, nikajua ama umekufa ama umeshindwa. Nimekuja na vazi la msibani, kwa tahadhari."

"Mwache kaka yako, wifi," akasema Bi Kimya kwa upole wenye sumu. "Hata zamani hakuwa lolote. Watu walimsifu kwa huruma."

Fundi Rula akaweka kitunguu chini. "Mimi? Mimi sikuwa lolote? Msimamizi wa karakana mwenyewe alikuwa anachanganya miguu yangu minne sakafuni, anashindwa kujua upi wa kwanza upi wa mwisho! Imelingana kama mayai!"

"Msimamizi alikuwa na makengeza."

"Ee, ni kweli," wifi akaunga mkono. "Alikuwa anakusalimia wewe anamtazama mwenzio."

"Sikiliza," Bi Kimya akasema, akikausha mikono. "Kereza huo mguu wa nne. Jumamosi wifi atanifunga macho, atachanganya miguu yote minne, mimi nitapapasa. Nikiutambua mpya, mashine inarudi chini ya kitanda na stoo inarudi kwangu. Nisipoutambua, stoo ni yako mpaka tuitwe marehemu."

"Nakubali kwa niaba yake," akasema wifi.

Fundi Rula alisimama. Kigoda kikaanguka, na kwa mara ya kwanza katika miezi mitatu hakukiokota.

Asubuhi ya pili yake Bi Kimya alipita dirishani mwa stoo na kapu la nguo lisilo na nguo. Akamwona mumewe ameinamia mashine, miguu imeganda, viwiko vinasukuma. Zamani, alipokuwa msichana anayetumwa karakanani kuchukua maranda ya kuwashia moto, alikuwa akichelewa kurudi kwa sababu moja tu: kijana fulani akikereza hakusukuma patasi kwa mikono. Aliibana ubavuni, akayumba mwili mzima, kutoka goti mpaka bega, taratibu, kama anayecheza na mtu asiyeonekana. Wivu alioupata siku zile kwa mguu wa meza hakuwahi kumsimulia mtu.

"Wewe!" akaita dirishani. "Umesimama kama mtu aliye kwenye foleni ya dawa! Zamani ulikuwa na kiuno!"

"Niache nifanye kazi!"

"Fanya. Mimi nasema tu, kiuno kilikuwepo. Sijui ulikiacha kwenye maboksi ya sabuni."

Akaenda zake. Alipofika kwenye kamba ya nguo, sauti ya mashine ilibadilika. Haikuwa tena ya kugombana, ilikuwa sauti ndefu moja, kama kitambaa kizuri kinachopasuliwa. Hakugeuka kutazama. Akaanika kapu.

Ijumaa mguu ulikuwa tayari. Fundi Rula aliukereza kwa kigezo chake cha zamani, ubao mwembamba wenye alama za kila pete na kila shingo, uliokuwa umehifadhiwa kwenye kasha. Ile mitatu ya zamani hakuipima. Apime nini, kazi aliyoijua? Akaipiga msasa yote minne, akaipaka rangi moja na vanishi moja, ili pua isisaidie mkono.

Jumamosi asubuhi godoro likatolewa juani, miguu ikalazwa kwenye mkeka. Wifi akamfunga Bi Kimya kilemba machoni, akakaza mpaka nyusi zikapanda.

"Unaona?"

"Naona maisha yangu yote."

"Vizuri." Akaichanganya miguu kwa kelele nyingi kuliko ilivyohitajika. Fundi Rula alisimama pembeni, rula mkononi, ameishika kama tasbihi.

Bi Kimya akapiga magoti, akashika mguu wa kwanza, na hapo hapo akajua.

Ijumaa ngapi amefuta vumbi kwenye miguu hii? Miaka thelathini na minne. Fundi Rula alipima kila kitu duniani isipokuwa kazi yake mwenyewe, lakini kitambaa cha Bi Kimya kilipima bila kuambiwa. Wa karibu na dirisha ulikuwa na pete iliyoshuka. Wa karibu na mlango shingo yake ilikuwa nyembamba kuliko ya wenzake. Na ule wa upande wake, aliokuwa akiushika kila asubuhi kujiinua, kichwa chake kilikuwa kimelala upande mmoja, kama tunda lililoivia chini. Huu wa kwanza haukuwa na lolote. Pete sawa, shingo sawa, kichwa mviringo kama mwezi mpevu. Hapakuwa na kijana wa miaka ishirini na sita aliyeweza kufanya hivi; hii ilikuwa kazi ya mtu mzima.

Akaupitisha mkono kwenye wa pili, wa tatu, wa nne. Akarudi. Akakuna kichwa. Akajitia hamnazo mpaka wifi akapiga miayo.

Kusema "siwezi kuutambua" kungekuwa rahisi mno; mzee angenusa huruma mara moja, na huruma ndiyo ingemrudisha kwenye vitunguu. Bi Kimya akaunyanyua juu mguu wenye kichwa kilicholala.

"Mpya ni huu! Ona ulivyolala upande. Haya, rudisha mashine!"

Fundi Rula alitoa sauti ambayo hata mbuzi wa jirani aliiitikia. "Huo? Huo! Huo ni wa zamani! Huo niliukereza mimi na nywele zangu zote kichwani! Umeshindwa, bibie! Stoo ni yangu! Dada, umesikia?"

"Nimesikia, na mtaa umesikia," akasema wifi. Kisha akaupokea ule mguu, akaugeuza. "Lakini kaka… mbona umelala kweli?"

Fundi Rula akachukua mguu, akaweka rula. Akageuza, akaweka tena. Akapima wa pili. Akapima wa tatu.

"Milimita tatu," alinong'ona. "Na pete hii imeshuka. Msimamizi alikuwa kipofu!"

"Makengeza," Bi Kimya akasahihisha, akifungua kilemba.

Mashine ililia mpaka wakati wa chakula, na baada ya chakula, na wiki yote iliyofuata, kwa sababu sasa kulikuwa na miguu mitatu ya kufedhehesha iliyohitaji kubadilishwa. Jikoni Bi Kimya alivivuruga vijiko kwa mkono wake mwenyewe, akavikoroga kama uji.

Alhamisi alipeleka chai stooni. Maranda yalikuwa yamefika vifundoni, na mumewe ana vumbi kwenye nyusi, anameremeta. Miguu miwili mipya ilikuwa imeegemezwa ukutani, na ule wa zamani uliolala kando yake.

"Umebaki ule uliolala," Fundi Rula akasema. "Leo naumaliza."

"Huo uache."

"Kwa nini? Si ndio mbovu kuliko yote?"

"Mkono wangu umeuzoea. Kila asubuhi naushika, gumba langu linakaa pale pale palipolala. Ukinibadilishia nitaanguka, goti lenyewe hili unalijua."

Fundi Rula akapokea kikombe. Akanywa funda moja. Halafu akakiweka chini polepole sana, kama mtu anayepiga hesabu.

"Kila asubuhi," akasema.

"Kila asubuhi."

"Kwa hiyo ukifumba macho, ukiushika, unaujua."

Bi Kimya akatazama dirisha, akalisifia kimoyomoyo jinsi lilivyopanuliwa vizuri. "Chai inapoa, baba watoto."

"Mama watoto. Ulinidanganya mbele ya dada yangu. Kwa haki, mashine hii inatakiwa kurudi chini ya kitanda."

"Irudi," akasema Bi Kimya, akiokota trei. "Lakini kitanda sasa kina miguu minne. Hakiihitaji tena."

Fundi Rula akaupeleka mguu uliolala juu ya meza, mbali na patasi, akautengea nafasi yake peke yake. Kisha akachukua kipande kingine cha mti, akakikaza kwenye mashine, akasimama vizuri, magoti yamelegea.

"Hicho ni cha nini?" akauliza Bi Kimya mlangoni.

"Mwiko. Ule wako umepinda."

"Wee! Mwiko wangu usiuguse!"

Lakini mashine ilikuwa imeshawashwa, na mzee alikuwa ameanza kuyumba.