Hawa Hawaliwi

Kipkirui, ndugu wa marehemu mume wangu, alifika asubuhi kabla ya wageni. Siku hiyo wazee kutoka Chwele walikuwa wanakuja kwangu Kitale kuzungumza mahari ya binti yangu Judy, na yeye ndiye angetusemea. Hata chai hakuigusa.

"Shemeji, toa hizo nyoka."

Nyoka! Ni kambare wanane wa urefu wa kidole gumba, wenye ndevu fupi, wanaochokoachokoa mchanga kutwa nzima kwenye tangi la kioo. Nawakingia maji ya mvua, kwa sababu maji ya mfereji yana dawa. Mume wangu alipofariki, waombolezaji walikaa wiki moja wakarudi makwao. Hawa wamekaa nami miaka minne.

"Kwetu samaki haiingii nyumba, ati wewe unaweka sebuleni? Zikibaki, mimi siongei kitu."

Kwetu mwanamke hasimamii mahari, na Judy alimpenda yule kijana kweli.

"Mama, si tuzifunike tu na kitambaa?" Judy akaniomba, machozi yakimlengalenga.

Nilikataa. Leo nifunike samaki, kesho nitaambiwa nijifunike mimi.

"Basi usiongee," nikamwambia Kipkirui.

Akatoka, akaketi ndani ya pikapu yake, mlango wazi, akingoja nije kumbembeleza. Atangoja sana.

Wageni wakaingia, wazee watatu. Baba wa kijana, Mzee Wakhungu, hakuketi. Aliinama mbele ya tangi, uso wote kicheko.

"Eh! Mama Judy, umetuwekea mumi mbichi! Lakini ni ndogo bana, hata haitoshi mboga ya mtu moja."

Wenzake wakaangua kicheko. Mwenyeji mwenye adabu angecheka nao. Mimi hasira zilinipanda: huyu anaona nyoka, yule anaona kitoweo!

"Mzee, kuku wapo jikoni. Hawa hawaliwi, na hawafukuzwi."

Kicheko kikakatika. Judy akajiziba mdomo. Kambare mmoja akapanda juu mbio, akameza hewa, akarudi mchangani kuendelea na kazi yake.

Mzee Wakhungu akajinyoosha taratibu. "Sawa, mama. Sasa nani anaongelea hii nyumba?"

Dirishani nilimwona Kipkirui amerefusha shingo. Nikavuta kiti, nikakiweka kando ya tangi, nikaketi.

"Ni mimi," nikasema. "Anzeni."