Weupe wa Macho ya Kasiano

Lihna alikuwa ameshainua bakuli. Dawa ya gome ilikuwa nyeusi, ina povu, na harufu yake ilijaa nyumba nzima hata ikaishinda harufu ya mvua. Katika ukoo wetu dawa iliyoinuliwa hairudishwi chini ikiwa haijanywewa. Ukiirudisha umemtukana marehemu mama, aliyemrithisha Lihna ujuzi huo.

Mgonjwa alikuwa mdogo wetu, Kasiano. Alikuwa ameketi mkekani, viganja juu ya magoti. Viganja vile vilikuwa vya manjano. Si manjano ya kudhania, bali manjano ya papai lililoiva.

"Unajionea mwenyewe, kaka," dada yangu Lihna akaniambia. "Nyongo imeshamwagika mwilini. Mnasubiri nini? Awe wa manjano mpaka meno?"

"Shangazi, daktari alikataza kitu chochote kikali," akasema Pernihna, binti wa Kasiano, aliyesimama mlangoni. "Ini lake limevimba. Hiyo dawa inaweza kulimaliza."

"Daktari wako alimwona akiwa na rangi yake. Leo angemwona, angekimbia."

Ndivyo mambo yalivyokuwa asubuhi ile hapa kisiwani kwetu, Kitti. Ikiwa ini la mdogo wangu lilikuwa linakufa, Lihna alikuwa na haki ya kujaribu la mwisho. Ikiwa lilikuwa bado linapigana, bakuli lile lingemzika. Na sote tulikuwa tumeshasoma jibu kwenye viganja.

Mimi ndiye mkubwa wao. Nilisoma shule ya jioni nikiwa tayari na watoto, baada ya kutwa nzima ya kubeba magunia bandarini, na sikuwahi kusinzia darasani. Kwa hiyo Pernihna alipopata kazi katika maabara ya kituo cha kilimo, mimi ndiye niliyetaka kuona anachokifanya. Akanipeleka. Alikuwa na sahani mbili za kioo zenye chembe hai za ini. Moja alikuwa ameitia rangi iliyokamuliwa kutoka karat, ndizi yetu ile fupi nene yenye nyama ya rangi ya chungwa, ambayo mkungu wake husimama ukitazama mbingu. Nyingine hakuitia kitu. Kisha akazimiminia zote mbili kemikali ya kuunguza. Nilipotazama kwa hadubini, zile zisizo na rangi zilikuwa zimepasuka kama mapovu. Zile zenye rangi nyingi zilikuwa bado nzima, ila rangi yenyewe ilikuwa imepauka.

Jioni ile, miezi kadhaa kabla ya asubuhi ya bakuli, alinieleza tena barazani. "Ini ni jiko, baba mkubwa. Linapika sumu zote za mwili, na jiko halikosi cheche. Kila chembe imezungukwa na utando wa mafuta. Cheche ikiugusa, mafuta yanashika moto na kumwambukiza jirani. Sasa rangi ya karat inapenda mafuta. Inajipenyeza ndani ya utando na kukaa humo. Cheche ikija, rangi ndiyo inayoidaka."

"Na rangi yenyewe?"

"Inaharibika. Ndiyo maana uliiona imepauka. Imekufa badala ya chembe."

Kasiano alikuwa amejilaza pembeni, kofia usoni. Nilidhani amelala.

Sasa, mkekani, akanyoosha mkono. "Lete, dada. Nitakunywa."

Nikashtuka. Huyu ni Kasiano aliyeruka dirisha la zahanati kukimbia sindano akiwa na ndevu kidevuni. Leo anaomba bakuli kama anayeomba maji!

"Subirini!" Pernihna akaingia ndani. "Kwanza nimtazame macho."

Kasiano alikuwa amepewa cheo kikubwa na chifu, na karamu ya kukilipia ilikuwa Jumamosi ile. Binti hamkodolei macho baba mwenye cheo. Akipita mbele yake huinama. Na tangu apewe cheo, Kasiano mwenyewe alikuwa akitembea ameinamisha kope kama wakubwa wafanyavyo. Hapakuwa na mtu aliyekuwa ameyaona macho yake kwa muda mrefu.

"Adabu hiyo umeisomea wapi?" Lihna akafoka. Dawa ikamwagika kidogo kidoleni mwake.

"Shangazi, nyongo ikimwagika, macho ndiyo hutangulia. Weupe wa jicho hugeuka manjano kabla ya kiganja. Nataka kuona hilo tu."

"Mimi nimesema nakunywa!" Kasiano akasema, na akalishika bakuli. Sasa walikuwa wamelishika wawili.

Nikapiga magoti mbele yake. "Mtoto hawezi kukutazama. Mimi naweza, maana nilikubeba mgongoni ukinikojolea. Geukia mlangoni, kwenye mwanga. Fungua macho."

"Kaka, niache nife na cheo changu."

"Cheo hakitaoza. Fungua!"

Akayafumba zaidi. Nikamshika kidevu kama nilivyokuwa nikimshika zamani nikimfuta makamasi, na kwa kidole gumba nikaivuta kope juu.

Nilitazama jicho la kulia. Nikatazama la kushoto. Nikarudia la kulia, maana sikuamini.

"Lihna, inama uone."

Akainama, bakuli likiwa bado mkononi. Weupe wa macho yale ulikuwa mweupe kama nyama ya nazi.

"Basi hiyo si nyongo," Pernihna akasema. "Hiyo ni rangi ya chakula. Baba, umekuwa ukila nini?"

"Anakula ninachompikia!" Lihna akajibu. "Shelisheli na samaki."

Lakini mimi nilikuwa karibu naye, na niliona kifuani mwa shati lake madoa meusi ya utomvu wa mgomba, yale yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Mtu anayeshinda mkekani anapata wapi utomvu?

"Kasiano," nikasema, "kule msituni umepanda nini?"

Hilo ni swali ambalo kwetu haliulizwi. Alichopanda mtu kwa ajili ya karamu ni siri yake mpaka siku atakapokibeba begani. Kasiano akaliachia bakuli.

"Karat," akasema. "Nilisikia maneno ya barazani. Nikaogopa. Nikaanza na moja tu."

"Zile za chifu?" Lihna akapaza sauti. "Umekula zawadi ya chifu? Umechuchumaa msituni kama panya?"

"Imebaki chane moja."

"Na ulitaka kunywa dawa yangu ili iweje?"

"Nilidhani ini limeshindwa hata hivyo. Na dada, kufa kunaitwa ugonjwa. Kula ndizi za chifu kunaitwaje?"

Hakuna aliyecheka. Pernihna alikuwa ameketi chini, uso ameuficha kwenye kanga ya shangazi yake.

"Kwa hiyo amepona?" nikauliza.

"Sijui, baba mkubwa. Sahani si mtu. Ini linaweza kuwa limevimba vilevile. Tutapima damu. Lakini halijashindwa."

Likabaki bakuli. Lihna alilitazama, akatutazama sisi. Mama alituachia mlango mmoja tu: aliyeitengeneza dawa anaweza kuinywa mwenyewe. Pernihna akafungua kinywa kumzuia, lakini shangazi yake alikuwa ameshalimimina kooni lote.

"Chungu," akasema, akijifuta midomo. "Ningekuua, mjinga wewe." Kisha akatoka mbio kwenda uani.

Jumamosi watu walibeba viazi vikuu vya kubebwa na wanaume wanne. Kasiano aliingia katika nyumba ya karamu na chane moja ya karat ikining'inia kwenye mti mrefu begani, na minong'ono ikaanza. Alipopewa kikombe cha sakau, kinywaji kikali cha mizizi cha karamu zetu, alikipokea kwa mikono miwili, akakirudisha bila kunywa, kama daktari alivyomwagiza.

"Tulisikia umelima sana mwaka huu," chifu akasema. "Nyingine ziko wapi?"

Mdogo wangu aliinua kope, jambo ambalo sijaona mtu akilifanya mahali pale. Kisha akaifungua mikono yake, akaonyesha viganja mbele ya watu wote.