Meli Juu ya Ingobyi

Jumanne hiyo asubuhi Patricie alikuwa akichagua maharage kwenye ungo, na mumewe Védaste akikata vichwa vya pini kwa koleo dogo. Kila kichwa alikipuliza, akakikagua kwa lenzi, kisha akakitia kwenye kizibo cha chupa. Kilichofaa kiliitwa ribiti, msumari wa kuungia mabati ya meli. Kisichofaa kilitupwa sakafuni, na kuku waliokidonoa walijuta wenyewe.

Mezani palikuwa na meli ya urefu wa sentimita tisini. Ilikuwa mfano wa meli ya kivita ambayo Wajerumani waliipandisha vipande vipande, miaka zaidi ya mia moja iliyopita, kutoka Ziwa Tanganyika kupitia uwanda wa Bugarama mpaka Ziwa Kivu. Wenyewe walisema wameipandisha wao. Mabega yalikuwa ya watu wa vilima hivi. Wajerumani waliiita Mathilde, lakini hapa kilimani Nzahaha jina hilo halikumfikia mtu. Iliitwa Mzigo, na kwa kuwa kila mbebaji aliona kipande chake tu, hakuna aliyejua kama ni meli.

Ramani zake aliletewa Védaste na Valens, mwenye hoteli ya ufukweni kule Kamembe, aliyetaka kitu cha kihistoria ukumbini kwa ajili ya wageni. Valens aliahidi kwamba chini ya meli kutakuwa na kibao cha shaba chenye jina la fundi. Hapo ndipo alipomnasa. Kwa miaka thelathini na mmoja Védaste alikuwa fundi mitambo kiwandani Muganza, na kila mtambo ulikuwa na kibao chenye jina la mtu wa mbali ambaye hajapata kuutia mafuta hata siku moja. Védaste alivipangusa vibao vyote hivyo. Ungeweza kumtukana kwa lolote akanyamaza, lakini ukimwambia kazi yake ina kasoro, chakula hakikumshuka.

Kazi ilimla miaka miwili na miezi minne. Mzinga ulizunguka. Mlango wa tanuri ulifunguka. Mnyororo wa nanga ulikuwa na pete mia mbili na kumi na mbili, na chini ya kitanda cha kapteni palikuwa na chungu cha mkojo kisichozidi punje ya mtama. Patricie alikuwa na pumu tangu utotoni, kwa hiyo mwaka wa kwanza Védaste alikwenda kupiga tupa nje, vumbi la chuma lisimfikie. Mwaka wa pili mvua zilizidi, akapigia ndani. Ramani ilidai ribiti elfu nne mia mbili na kumi na sita, na ya mwisho aliipachika Jumanne hiyo, upande wa kushoto, chini kidogo ya tundu la nanga.

Meza ikavunjika. Meli ilishuka wima ikazama katika sakafu ya udongo kina cha kiganja, ikatulia. Patricie alivuta mguu, akaokota maharage yaliyomwagika.

Védaste alipiga magoti akaichomoa ile ribiti kwa ncha ya sindano. Meli ikawa nyepesi kama kikapu cha mayai. Akainyanyua kwa mkono mmoja. Akairudisha ribiti, na meli haikusogea hata kwa mpini wa jembe. Alifanya hivyo mara tatu, jinsi mtu anavyojaribu swichi ya taa. Jioni aliazima jeki, akapiga hesabu za kiwandani, akapata kilo mia nane na sitini.

"Sasa ile moja uiache tu," Patricie alisema. Wote wawili walikulia Uvira, ng'ambo ya mpaka, na nyumbani walizungumza Kiswahili cha kule. "Nani atajua?"

"Mi nitajua. Na ule muzungu wa makumbusho, Valens anamuleta. Iko na lupu yake, ile lenzi. Atahesabia zote."

"Elfu ine, Papa! Na unaogopa juu ya moja?"

"Kama inapunguka moja, haiko yenyewe, meli ya kweli. Iko mudoli ya batoto."

Patricie alikohoa, akapuliza ile dawa yake ya kifua mara mbili, akatikisa kopo kusikiliza imebaki kiasi gani. Hakubishana tena. Alikuwa amekaa na mtu huyu miaka mingi, na alijua mahali mlango wake unapofungwa.

Ikabaki kuifikisha barabarani. Kutoka kilimani hadi lami ni njia ya miguu ya saa mbili, pikipiki hazipandi. Kwa ajili hiyo kila kilima kina ingobyi, machela ndefu ya kusukwa yenye miti miwili, na chama cha kuibeba. Kila nyumba hutoa bega. Mgonjwa akizidiwa, wanaume huacha majembe, humlaza humo na kumshusha. Asiyefika bila sababu hulipa debe la pombe ya ndizi. Védaste hakuwahi kukosa zamu.

Jumapili baada ya misa alisimama kwenye kikao na kuomba ingobyi imbebee meli. Mkuu wa chama, Nsengiyumva, mtu mnyoofu aliyependa maandishi, alifungua daftari la kanuni. Kanuni ya kwanza ilisema: asiyeweza kutembea abebwe. Waliitafuta habari ya ugonjwa kurasa zote, haikuandikwa popote, maana walioandika hawakudhani itahitajika.

"Meli haitembei," alisema Nsengiyumva. "Basi inabebwa."

"Na mi nikianguka siku ile?" Patricie aliuliza kutoka nyuma, kwenye benchi la wanawake.

"Ni siku moja tu, Maman," Védaste alijibu, na watu wakacheka kidogo, kwa wema.

Kuhusu ile ribiti Védaste hakusema neno. Watu waliambiwa uzito, wakaupokea. Kazi ya mtu makini lazima iwe na uzito, walisema, na wakakata mikalitusi miwili mirefu ya kuongezea chini ya ingobyi ili mabega kumi na sita yapate nafasi.

Jumamosi asubuhi Patricie mwenyewe aliifunika meli kwa kitenge chake cha njano, isiingie vumbi, akakifunga mafundo manne. Kisha akakaa mlangoni na jirani yake, Nabintu, kuwatazama wakishuka. Kumi na sita walibeba. Védaste alitembea mbele kando ya omo la meli, mkono wake ndani ya kitenge, akiishika isiyumbe.

Baada ya nusu saa walifika kwenye mteremko ambako njia inabana: juu ukingo wa udongo, chini korongo. Juu ya ukingo walikuwa wamekaa wafu. Walikuwa kama arobaini, wale waliofia hapo kwenye Mzigo, wamevaa ngozi, wamenyoosha miguu. Bega la kulia la kila mmoja lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto. Wabebaji waliwaamkia kama unavyomwamkia yeyote unayemkuta amepumzika njiani, nao wakaitikia.

"Wazee, hamuwezi kutusaidia kidogo?" Nsengiyumva aliwauliza.

"Sisi tulishabeba yetu," alisema mmoja, bila ubaya wowote.

Védaste alimtambua mmoja wao kwa masikio, maana ndiyo aliyokuwa nayo yeye mwenyewe. Alikuwa Bazatoha, babu wa babu yake. Mzee alishuka ukingoni, akatembea sambamba na ingobyi, akauliza kwa Kiswahili alichofundishwa na askari, pamoja na kiboko:

"Mugonjwa njo nani?"

"Hakuna mugonjwa, muzee. Ni meli."

Bazatoha aliinua pindo la kitenge. Alitazama mzinga, bomba la moshi, mnyororo wa nanga. Alitazama kwa muda mrefu, mtu aliyekufa na swali moja na hakupata wa kumwuliza.

"Ah," alisema. "Kumbe ilikuwa meli."

Akashusha pindo.

Ndipo Nabintu alipotokea juu ya njia, akikimbia, kandambili mkononi.

"Muweke chini!" alipiga kelele. "Nsengiyumva, muweke chini! Maman Patricie hawezi kuhema! Kopo ya dawa imeisha, midomo yake imegeuka rangi! Mulete ingobyi!"

Wabebaji walisimama. Nsengiyumva alitazama kulia, akatazama kushoto. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imelainisha njia, na mahali pa kuweka kilo mia nane na sitini hapakuwepo. Wangeitua, ingeteleza na kuwaburuta wote korongoni. Mtu mmoja akitoka chini ya mti, kumi na tano waliobaki wangelemewa.

"Hapa haiwekeki," alisema. "Kuweka ni kule barabarani tu."

"Na ni saa moja na nusu!" Nabintu alimgeukia Védaste. "Papa Védaste. Hakuna kitu unaweza fanya?"

Kidole gumba cha Védaste, ndani ya kitenge, kilikuwa juu ya ribiti ya mwisho. Aliijua hata bila macho. Kuibandua kulihitaji ukucha na pumzi moja. Mtu mmoja angeibana meli kwapani na kushuka nayo akipiga mluzi, na kumi na tano wangepanda na ingobyi kwa Patricie. Yote hayo Védaste aliyajua vizuri, kwa mpangilio, kama alivyojua kila jambo. Alijua pia kwamba mtaalamu wa makumbusho alikuwa tayari barabarani na lenzi yake, na kwamba ribiti ikidondokea kwenye matope yale haitaonekana tena. Akakumbuka kwamba Patricie alikwisha kubanwa hivyo mara nyingi na kila mara alipata nafuu. Hilo lilikuwa kweli.

"Hapana," alisema. "Tuongeze mwendo."

Bazatoha alikuwa akikitazama kile kidole gumba kupitia kitenge. Alirudi ukingoni kwa wenzake, akakaa.

Nabintu alipanda tena peke yake.

Walitumia saa moja na dakika kumi, na hakuna aliyewahi kushuka pale haraka kuliko hivyo na mzigo. Mmoja alivunjika kidole cha mguu na hakusema mpaka walipofika. Barabarani lilikuwepo lori la kubebea saruji, Valens akiwa na suti, na mtaalamu wa makumbusho akiwa na kiti cha kukunja. Meli iliingizwa lorini ikiwa bado juu ya ingobyi, na mtaalamu aliomba isisogezwe mpaka amalize kuhesabu. Nsengiyumva alieleza habari za mgonjwa. Valens alisikitika sana, akasema ni dakika chache tu. Zilikuwa arobaini. Ribiti zilitimia elfu nne mia mbili na kumi na sita, na mtaalamu akampa mkono Valens kwa kazi nzuri.

Waliichukua ingobyi wakapanda mbio. Patricie alikuwa palepale mlangoni, kichwa kikiwa kwenye mapaja ya Nabintu, mwili umeshapoa.

Siku ya pili walimpeleka makaburini kwa ingobyi ileile, iliyokuwa imepasuka katikati ikashonwa kwa katani. Kwa mazoea walijipanga kumi na sita. Alikuwa mwepesi, wawili walitosha, wengine wakarudi nyuma wakatembea mikono mitupu. Védaste alibeba mbele. Wote walimhurumia kwa moyo, na hakuna aliyekuwa na la kumlaumu, isipokuwa yeye, na yeye hakusema.

Meli sasa iko ukumbini mwa hoteli kule Kamembe, juu ya nguzo ya zege iliyojengwa kwa ajili yake. Vigae vinavyoizunguka vimepasuka. Kibao cha shaba kina jina Mathilde, jina la kapteni, mwaka, na maneno kwamba imeletwa kwa juhudi za Valens. Jina la fundi lilikosa nafasi, kwa sababu jina la kapteni lilikuwa refu. La wabebaji halikufikiriwa, wala wale wa zamani wala hawa. Védaste aliambiwa anaweza kuja kuipangusa kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, naye huja. Hupewa fanta.

Jumatatu moja alimkuta Iriza, msichana wa usafi, akimngoja na kisahani.

"Papa, jana nilipangusa, hii ikaanguka," alisema. Katika kisahani palikuwa na ribiti moja. "Na meli ikawa nyepesi! Niliinyanyua na mukono moja nikapangusa chini yake. Iko uchafu mingi kule. Bageni hata habakujua, banapiga tu picha. Nitupe?"

Védaste alichukua ribiti, akaipuliza, akaikagua kwa lenzi. Haikuwa na kasoro. Aliinyanyua meli kwa mkono wa kushoto. Chini yake, juu ya zege, kilikuwepo kitenge cha njano, kimekunjwa mara nne. Siku ile kilitumika kama mto wa kuizuia isikwaruzike, na tangu hapo hapakuwa na mtu wa kuweza kukitoa.

"Ile kitambaa nikufulie?" Iriza aliuliza.

Védaste alikitazama kitenge cha Patricie, meli mkononi. Kisha akaitua pale pale ilipokuwa, juu ya kitenge, akaigeuza kidogo ikae sawa na kibao. Akaipachika ribiti upande wa kushoto, chini ya tundu la nanga, akaibana kwa kidole gumba.

Nguzo ililia. Ufa ukaongezeka kigae kimoja.

"Sasa iko yenyewe," alisema, na Iriza akaenda kupangusa meza za dirishani.