Tela la Kumhamisha Mama

Mimi sina hasira. Anayesema nina hasira hajamwona mama yangu akiwa hataki jambo. Hagombi, hanuni, hapandishi sauti. Anakubali. Anakubali kila unachomwambia, anakupakulia, anakusindikiza hadi barabarani, na wiki inayofuata ukirudi unakuta hakuna hata kijiko kilichosogea.

Ndivyo alivyotupiga chenga mwaka mzima kuhusu kuhama. Alikuwa ameanguka bafuni mara mbili. Mara ya kwanza aliinuka mwenyewe na akaficha. Mara ya pili alilala pale sakafuni tangu asubuhi mpaka jua likawa utosini, hadi jirani aliyekuja kuazima ndoo akamsikia akigonga mlango kwa kandambili. Tangu siku hiyo sikuwa na raha. Nauza dawa kwenye duka dogo karibu na zahanati, na kila simu ilipolia nikiwa kaunta, moyo ulinilipuka kabla sijaangalia ni nani. Nilitaka Mama aje akae kwetu. Nilitaka nimsikie akikohoa chumba cha pili, basi, sikuomba zaidi.

Alikubali. Kwanza tusubiri kuku waangue. Kuku wakaangua, vifaranga wakakua, nao wakaanza kutaga. Kisha tusubiri paa lizibwe, kwa kuwa mtu haachi nyumba ikivuja. Mume wangu akapanda juu akaziba. Ndipo akasema yuko tayari kabisa, ila vitu vyake havipandi lori la kukodi, maana wapakiaji hawana adabu na vyombo vya watu. Tena kuna kabati. Kabati hilo marehemu baba alilipiga gundi na misumari, halifunguki vipande, na Mama hataki mkono wa mgeni ulishike.

"Tafuteni chombo chenu wenyewe," alisema. "Kabati likilala humo bila kutokeza nje hata kidole, nahama siku hiyo hiyo."

Mume wangu hakukata tamaa. Ni mwalimu wa hesabu, na hata nyumbani namwita Mwalimu, hasa akinikera. Akasema kama ni hivyo tununue tela la kufunga nyuma ya gari. Gari letu ni dogo lakini si goigoi, na tela ni chombo cha nyumbani: leo mchanga, kesho mapipa ya maji, keshokutwa takataka za uani ambazo tumezitazama miaka mitatu. Alifungua daftari jipya kwa ajili hiyo. Mama naye akampa kamba.

Hapa lazima nieleze. Mama alishona magodoro miaka arobaini, na hajawahi kutumia tepu. Anapima kitanda kwa kamba, anafunga fundo, anakata kitambaa. Watu walimletea vitanda vya kila namna, vingine vimepinda, na sijasikia godoro la Mama lililorudishwa kwa sababu limepwaya au limebana. Kamba aliyompa Mwalimu ilikuwa na mafundo matatu: kina cha kabati, upana wake, na la mwisho urefu. Akamwambia, "Mkwe wangu, usiongeze wala usipunguze."

Jumamosi tukaenda kwenye yadi ya fundi wa matela. Jina lake analo, lakini mji mzima unamwita Cheche. Matela manne yalikuwa yamepangwa ukutani, mengine bado yananuka rangi, na sakafu yote ilikuwa imejaa vipande vya chuma vya kukukata kiatu. Cheche hakutuuliza tunataka kubeba nini. Alitoka nje moja kwa moja akaenda kulitazama gari letu, akainama nyuma, akagonga chuma cha chini kwa nyundo ndogo.

"Kila mteja anakuja na mzigo wake kichwani," alisema. "Mimi nataka kumjua anayevuta. Ukishuka mteremko na tela zito kuliko gari, dereva ni tela. Wewe hapo mbele ni abiria tu."

Mwalimu aliandika hayo. Lakini mimi nilikuwa namjua, alikwisha kupenda. Pembeni kulikuwa na tela kubwa la bluu, magurudumu manne, boksi la bati lililofunikwa pande zote, milango miwili nyuma na makufuli yake. Alilizunguka akilipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe. Akaniambia humo mvua haiingii, jicho la jirani haliingii, na Mama atafurahi. Nikamwambia apime kwanza, mapenzi baadaye.

Nilishika mwanzo wa kamba, yeye akaenda na mwisho. Fundo la urefu likatoka nje ya mlango, na Mwalimu akarudi nyuma nusu hatua akiwa amelishika. Tukajaribu tela la pili, la wazi, chini chini, lenye ekseli moja ya magurudumu mawili na mbao mpya. Likatoka zaidi. La tatu vilevile. La nne lilikuwa la kubebea pikipiki, tulipima kwa kujifariji tu.

Nilihisi maji yamenifika shingoni. Nilimwona Mama yuko peke yake kwenye ile nyumba, sakafu ya bafu imelowa, na sisi tunazunguka mji mwezi mzima na kamba. Nikamweleza Cheche habari za kabati la chumbani kwa Mama, nikamuuliza kama anaweza kuunga tela refu zaidi. Yeye alikuwa anaitazama ile kamba, si mimi.

"Chumba cha mama kina dari?"

"Kina," Mwalimu akasema. "Nabadilisha balbu bila kupanda kiti." Akainua mkono kuonyesha, vidole vimenyooka.

"Hebu kanyaga huo mwanzo wa kamba. Inua fundo la mwisho hadi darini."

Mwalimu akakanyaga, akainua mkono wote, akajinyoosha hadi shati likatoka kwenye suruali. Kamba ilikazika hadi kwenye vidole vyake, na bado fundo lilibaki likining'inia karibu na kiwiko chake.

Cheche hakucheka, namshukuru. Alisema tu, "Basi hilo kabati linachungulia nje kupitia paa," akarudi kwenye mashine yake.

Mwalimu alianza kusema labda kamba imevutika. Nilimwambia anyamaze. Mama hajakosea kipimo tangu nimezaliwa. Mama alikuwa ametupa kamba ya uongo kwa makusudi, ili kusiwe na tela duniani linaloitosha, na sisi wajinga tukaishika ncha huku na huku mbele ya watu. Nilimpokonya Mwalimu ile kamba, nikaingia kwenye gari. Njiani aliwasha redio, nikaizima.

Tulimkuta Mama chumbani, amekaa mkekani, anachambua maharage. Akatukaribisha. Nilikwenda moja kwa moja kwenye kabati, nikaweka mwanzo wa kamba sakafuni, nikaivuta juu. Kabati liliisha, kamba haikuisha. Ilizidi shibiri tatu.

"Kamba huvutika," Mama akasema bila kuinua uso.

"Ya kwako haijavutika miaka arobaini."

Akaendelea kuchambua. Mwalimu akajifanya ana jambo la kuangalia nje, akatoka. Nami nikayatoa yote. Nilimwambia kama hanitaki aseme hanitaki. Kama nyumba yangu ina harufu, kama watoto wangu wana kelele, kama hajanisamehe kwamba niliolewa mbali, aseme, nijue moja, kuliko kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa na kuku wake na paa lake na kamba yake. Sauti yangu ilikuwa imeanza kukatika na hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Mama akasukuma ungo pembeni.

"Unamkumbuka mama yako mkubwa?" aliuliza. Dada yake, alimaanisha. Namkumbuka, alikuwa mrefu na alipenda kucheka. "Alikwenda kwa mwanawe kwa wiki mbili apumzike. Lori likamshusha, likageuza, likaondoka. Alikaa miaka sita. Kila akisema anataka kwake, wanamwambia sawa mama, tutatafuta gari. Wapole kabisa, hakuna aliyemtukana. Gari halikuonekana mpaka siku ya kumzika."

Nikakaa chini.

"Sikukatai wewe," akasema. "Nani kakwambia nakukataa? Nakataa kushushwa mahali nisipoweza kuondoka."

Sijui kama nitaweza kueleza nilivyojisikia. Mwaka mzima nilikuwa nimebeba jambo hili kifuani, kwamba mama yangu hanitaki, na kumbe halikuwepo. Nilishusha pumzi ambayo nadhani ilikuwa ya tangu siku ile alipoanguka. Halafu nikamwambia avae viatu.

Yadi ya Cheche ilikuwa inakaribia kufungwa. Mwalimu, ambaye hakuwa amesikia mazungumzo yetu na hakuwa amejifunza chochote, akampeleka Mama moja kwa moja kwenye lile la bluu na kumfungulia milango. Mama akachungulia, akasema zuri, akafunga. Akaenda mbele, kwenye mkono wa chuma unaoshikana na gari, akajaribu kuuinua kwa mikono miwili. Haukutikisika.

"Hili linafungwa na watu wangapi?"

"Wawili wenye nguvu," Cheche akasema.

Akaliacha. Akaenda kwenye lile la wazi, la ekseli moja. Akagonga mbao, akapitisha kiganja kama anatafuta uvimbe kwenye godoro, akakanyaga na kupanda juu yake bila kushikwa mkono, maana lilikuwa chini. Akashuka. Akainua mkono wake wa chuma. Ukainuka. Cheche akamwonyesha kigurudumu cha mbele cha kulisukumia, akamwonyesha pa kuushusha mkono juu ya mpira wa chuma wa gari, wapi pa kubana, wapi pa kupitisha mnyororo, wapi pa kuchomeka waya wa taa. Mama akamwambia akae pembeni. Akafanya yote mwenyewe, polepole, ulimi nje kidogo kama anavyofanya akitia uzi kwenye sindano. Chuma kikalia ka!

Akafungua. Akafanya tena.

"Hili," akasema.

Mwalimu akaninong'oneza, "Lakini Mama hajui kuendesha gari."

"Dereva hakosekani," Mama akasema. Masikio yake hayajazeeka hata kidogo.

Nikamwambia pale pale, mbele ya Cheche awe shahidi, kwamba tela hilo ni lake. Siku akitaka kurudi, alifunge, mimi mwenyewe nitaendesha na sitauliza kwa nini. Mwalimu akafunga daftari. Nadhani hapo ndipo alipoelewa, maana aliacha kulitazama lile la bluu.

Tulihama Jumamosi iliyofuata. Kabati lililala bila kutokeza nje hata kidole, na nafasi ikabaki ya kuweka magodoro na masufuria. Cheche alikuwa amemfundisha Mwalimu mzigo mzito ukae juu ya ekseli na kusogea mbele kidogo, maana ukiujaza nyuma tela linatingisha mkia, na Mwalimu aliendesha kana kwamba amebeba mayai ya dunia nzima. Mama alikaa mbele, jicho kwenye kioo cha pembeni njia nzima.

Tulipofika alitaka jambo moja tu: tela liegeshwe likitazama geti, na kitu chochote kisiwekwe mbele yake. Hata baiskeli za watoto tukazihamisha.

Basi nikaanza utumwa mpya. Kila jioni nikitoka kazini, kabla sijavua viatu, natazama uani kama tela lipo. Usiku Mama anakohoa chumba cha pili na mimi natabasamu gizani, lakini asubuhi akinyamaza kidogo wakati wa chai, nawaza tela. Akisema wajukuu wanapiga kelele, nawaza tela. Mwalimu alisema nitapata vidonda vya tumbo, na mimi ndiye ninayeuza dawa zake.

Juma la saba, siku ya Alhamisi, nilifungua geti nikakuta uani peupe. Alama mbili za matairi kwenye mchanga, zimetoka nje, zimepinda kushoto.

Mkoba uliniponyoka. Nilikimbia ndani nikiita. Jikoni hakuna mtu. Chumba cha Mama, kitanda kimetandikwa, hakuna mtu. Nilipofungua chumba cha watoto nilimkuta amekaa sakafuni katikati ya mlima wa pamba, sindano ndefu mdomoni, godoro la wajukuu limechanwa kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Tela liko wapi?" nikauliza.

Akatoa sindano mdomoni. "Nimemwazima fundi viatu wa pale kona. Anahamisha vitu vyake, masikini, alikuwa anabeba kwa kichwa. Nilimfungia mwenyewe kwenye gari la shemeji yake."

"Atalirudisha lini?"

"Sikumuuliza." Akavuta fungu la pamba, akaanza kulichambua kwa vidole. "Wewe watoto hawa umewalaza kwenye mabonde na vilima miaka yote hii, na mimi nipo hai. Kazi ya wiki nzima hii. Nikimaliza hili, kuna la pili."

Nikakaa pale pale kwenye pamba, nikalia kama mjinga. Mama hakuniuliza nalia nini. Alinisogezea ncha moja ya kitambaa, akaniambia nishike vizuri na nivute.