Mzigo Ndani ya Machela

Mwalimu Wepukhulu wa Bungoma alifika Kitale asubuhi moja ya Agosti 2006 akitafuta machela. Hakuwa akitafuta ile ya kubebea wagonjwa, bali kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa kati ya miti miwili, mtu akalala humo akining'inia. Jumamosi kikundi chao cha walimu kilipanga kupanda Mlima Elgon kupitia Kapsokwony. Mwaka uliotangulia, Wepukhulu alikuwa amekwenda na godoro. Lilikuwa godoro jembamba, kama alivyowaeleza wenzake mara kadhaa, lakini Bi. Jelimo, kiongozi wa safari, alimrudisha kutoka mwinuko wa kwanza, naye akateremka kwa pikipiki, godoro likiwa limemfunika yeye na dereva pamoja. Safari hii Jelimo alikuwa ametangaza mapema kwamba atakayechelewa kwa sababu ya mzigo hatasubiriwa. Wepukhulu alitaka kufika kileleni. Kwa hiyo alihitaji kitanda chepesi kuliko vyote, ambacho pia hakingemvunja mgongo.

Muuzaji aliyeelekezwa kwake aliitwa Nyaguthii, mama aliyeuza mitumba ya safari: mashanta, viatu vya mlima na mahema yaliyoachwa na wageni. Alikuwa na machela tatu tu.

"Mwalimu, kitanda hakinunuliwi kwa macho," alisema, akifunga ya kwanza kwenye nguzo mbili zilizoshikilia bati la kibanda. "Vua viatu ulale."

Wepukhulu akavua viatu, akavipanga sambamba, akakunja soksi na kuziweka ndani yake.

Machela ya kwanza ilikuwa ya wavu wa kamba, iliyotanuliwa kwa fito za mbao kila mwisho. Ilipendeza kutazama. Alipoketi ukingoni ikageuka, naye akajikuta chini amepiga magoti kama mtu anayetubu.

"Hiyo ni ya mtu mwenye bustani," Nyaguthii alisema. "Ukienda nayo mlimani, utakuwa unabeba kuni kupeleka msituni."

Ya pili, ya turubai, ilimpokea vizuri, lakini alipoipima kwa mkono ilikuwa nzito kama blanketi lililonyeshewa. Ya tatu ilitolewa katika kifuko kidogo kuliko nanasi. Ilikuwa ya nailoni laini, pana, na nyepesi kiasi kwamba Wepukhulu aliitilia shaka. Alilala humo akiwa amenyooka, mgongo ukapinda kama ndizi.

"Usilale kama maiti, mwalimu. Lala mshazari. Kichwa upande huu, miguu upande ule."

Akajisogeza. Mgongo ukanyooka, mabega yakalegea, na kitambaa kikamshika pande zote bila kumbana.

"Na baridi ya huko juu?"

"Baridi itatoka chini. Weka blanketi chini ya mgongo, si juu peke yake."

Wepukhulu alifumba macho. Alikuwa akipanga maneno ya kuombea bei ipunguzwe aliposikia sauti ya mwanamke ikimkemea mteja kwenye kibanda jirani: "Wacha kuvifinya vitunguu vyangu, bana. Si nyanya hizo."

Akafumbua macho. Ile ilikuwa sauti ya Mama Nekesa wa Tongaren, mama mkwe wake.

Kwao Wabukusu, mwanamume na mama mkwe wake huheshimiana kwa kuepukana. Hawapeani mikono, na wakikaribia kukutana njiani, mmoja hupinda. Lakini mkwe kuonekana na mama mkwe wake akiwa amelala chali sokoni, nyayo zikiwa wazi, lilikuwa jambo ambalo Wepukhulu hakuwahi kulisikia. Wazee wangelazimika kuketi na kulijadili, na wazee wa upande wa mkewe wakiketi hawakuwa watu wa kuinuka kabla ya Jumatatu.

"Mama Nyaguthii," alinong'ona, "huyo mama wa vitunguu ni mkwe wangu. Tusionane."

Nyaguthii alikuwa ameishi na majirani Wabukusu tangu utotoni, hivyo hakuhitaji maelezo. Alishika kingo mbili za kitambaa, akazikutanisha juu ya mteja wake, akambana ndani kama maharagwe katika ganda.

"Ukikohoa, shauri yako," alisema.

Mama Nekesa akaja na kikapu chake.

"Hii kitu ni nini?"

"Ni kitanda cha kuning'inia, mama. Cha watu wa kupanda mlima."

"Na ndani?"

"Viazi. Nimeweka nijue kama inabeba."

"Viazi ya wapi?"

"Ya Kapsokwony."

"Imenenepa." Mama Nekesa alidunga mzigo kwa kidole, karibu na nyonga. "Na hivi viatu?"

"Mtumba, mama."

"Na soksi ndani?"

"Tunauza pamoja."

"Ati pamoja. Wacha nione kama inaweza kuongezwa." Akainua kikapu cha vitunguu, akakiweka juu ya tumbo la mkwe wake. Machela ikashuka kidogo, ikatulia. Wepukhulu alizuia pumzi.

Hapo simu ikalia. Ililia ndani ya mfuko wa suruali, kwa muziki wa furaha, na mkono wa mwenyewe ulikuwa umebanwa asiweze kuifikia.

Mama Nekesa alisikiliza mpaka mwisho; muziki huo aliujua.

"Siku hizi viazi ya Kapsokwony iko na simu," alisema.

"Mtandao umefika huko juu, mama," Nyaguthii akajibu.

Mama Nekesa aliondoa kikapu. Aligeuka akaipa machela mgongo, akavuta leso yake hadi kwenye nyusi, akatazama barabarani.

"Uliza viazi kama mtu analala vizuri hapo," alisema.

Nyaguthii akainama. "Mama anauliza kama unalala vizuri."

"Mwambie mama nimemsalimu sana," sauti ikatoka kwenye kitambaa. "Ni nzuri. Mgongo umenyooka."

Mama Nekesa alikuwa amesikia kila neno, lakini alingoja aelezwe.

"Amekusalimu sana. Anasema mgongo umenyooka."

"Kama imetuliza mtu mwenye hofu kama hiyo, itamlaza yeyote. Nifungie. Nanunua."

Machela ikatikisika. "Mwambie mama kwamba nilikuwa nimekwisha kuichagua."

"Anasema alikuwa ameichagua, mama."

"Alikuwa amelipa?"

"Bado."

"Basi mwambie mimi namnunulia binti yangu. Nekesa aliniambia anataka kuona huo mlima, lakini bwana yake amesema ati kitanda ni kimoja. Sasa si vitakuwa viwili?"

Wepukhulu alikuwa amesema hivyo kweli, juzi, wakati wa chai ya asubuhi, na kwa kuwa Nekesa hakujibu, alidhani neno hilo limekubaliwa.

"Mwambie mama huko juu kuna baridi sana."

"Anasema kuna baridi."

"Mwambie blanketi inawekwa chini ya mgongo. Nilikusikia ukimfundisha."

Nyaguthii alijishughulisha na kamba ambayo haikuwa na tatizo lolote, mabega yake yakitetemeka.

"Sasa mwaga viazi," akasema Mama Nekesa, bado akitazama barabarani.

Wepukhulu aliteremka upande wa pili, akachukua viatu, akasimama nyuma ya mashanta yaliyotundikwa. Kutoka hapo aliona machela yake ikikunjwa, ikakunjwa tena, ikaingia katika kifuko, kifuko kikaingia katika kikapu, kisionekane kabisa kati ya vitunguu.

"Zimebaki zipi?" aliuliza.

"Ya mbao na ya turubai."

Alijitwika ile ya turubai begani, akaishusha, akajaribu bega la pili. Mabega yote mawili yalikuwa na maoni sawa.

"Mama Nyaguthii, mwambie mama hivi. Kwa kuwa Nekesa ni mgeni wa mlima, pengine itakuwa vizuri tukibadilishana mizigo baada ya mwinuko wa kwanza. Kwa faida yake."

Nyaguthii alifikisha ujumbe wote, pamoja na faida. Mama Nekesa aliufikiria kwa makini huku akirekebisha kikapu mkononi.

"Mwambie asijichoshe," alisema. "Nekesa atamngoja huko juu na chai."